Zile gauni za Zendaya zinalipiwa na nani?

Swali: Shikamoo dada. Niko Morogoro, nasomea ubunifu wa mavazi mwaka wa pili. Namfuatilia sana Zendaya, yule mwigizaji wa Marekani, na kila akipita kwenye zulia jekundu darasa zima tunabishana. Wapo wanaosema nguo ananunua maana hela anayo, wapo wanaosema kampuni zinampa bure, na mwalimu wetu anasema anaazima. Nani anachagua, nani analipa, na kwa nini yeye anatoka tofauti na mastaa wa rika lake wakati wote wanavaa nguo za majumba yaleyale ya mitindo? Na kutokea mbele ya jarida kunapatikanaje? Siku moja nataka nivishe mastaa, sijui pa kuanzia.

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu wenu ndiye aliyesogelea ukweli. Nguo nyingi unazoziona kwenye zulia jekundu zimeazimwa. Nyingine zimeshonwa kwa ajili ya mtu mmoja na usiku mmoja, na chache, hasa za zamani, zimenunuliwa zikawekwa. Ubishi wa nani ana hela haufiki mbali, kwa sababu hata staa mwenye hela zake hawezi kuingia dukani akanunua gauni ambalo halijawahi kupelekwa dukani.

Nianze na kuazima. Jumba la mitindo la Paris au Milan likiandaa onyesho hushona sampuli za kuvaliwa na wanamitindo wa siku ile. Onyesho likiisha, sampuli hizohizo ndizo zinazozunguka dunia: wiki hii ziko studio ya jarida London, wiki ijayo Los Angeles, baadaye Seoul. Anayeamua ziende wapi ni ofisi ya habari ya jumba lenyewe. Stailisti wa staa, yaani anayemchagulia mavazi, huandika ombi akieleza nani atavaa, shughuli gani, tarehe gani, na picha zitatoka wapi. Ofisi inapima. Kama sampuli imeshaahidiwa kwa mwingine, au kama staa hajafikia hadhi wanayoitaka, jibu linakuja kwa adabu zote na ni hapana. Ikikubaliwa, nguo inakuja na karatasi zake, inavaliwa saa chache, inarudi. Vito vya bei kubwa huja na mlinzi.

Sasa wewe ni mshonaji, kwa hiyo utaelewa haraka jambo ambalo mashabiki hawalioni. Sampuli imekatwa kwa saizi ya mwanamitindo. Waigizaji wengi wanaachwa njiani kabla hata hawajaulizwa wanaitwa nani, kwa sababu hakuna nguo ya kuwaazima. Zendaya ni mrefu na mwembamba, sampuli inamkaa kama ilivyomkaa mwanamitindo. Ukisikia watu wanasema siri yake ni kipaji peke yake, kumbuka na hilo.

Tena nguo ya watu haikatwi. Fundi anayemvalisha staa gauni la kuazima anafanya kazi ya kubana kwa mishono ya mkono inayofumuka baadaye bila kuacha alama, pini zilizofichwa, na utepe wa gundi ya pande mbili unaoshika kitambaa kwenye ngozi. Picha unayoiona imepigwa kwa mbele. Nyuma ya gauni mara nyingine kuna pini mstari mzima. Hiyo ni taaluma kamili, na kama mnafundishwa kukata na kushona tu bila kufundishwa kubana kwa muda, muombe mwalimu awafundishe.

Malipo? Filamu ikikaribia kutoka, studio ya filamu kwa kawaida ndiyo inayobeba gharama za promosheni, ikiwemo malipo ya stailisti, msusi na mpambaji kwa siku walizofanya kazi. Nje ya promosheni staa analipa mwenyewe, au brandi yenye mkataba naye inalipa. Kwenye hela yake hiyohiyo stailisti mara nyingi anamlipa msaidizi, anasafirisha masanduku, anamtafuta fundi. Usidhani kila unayemwona amesimama pembeni akimnyooshea staa mkia wa gauni ana maisha ya kifahari.

Tuje kwa anayechagua. Kwa Zendaya jibu lina jina: Law Roach. Ni mtoto wa Chicago aliyejifunza nguo kwa kuzunguka na bibi yake kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, kisha akafungua duka la nguo za zamani lililoitwa Deliciously Vintage. Alikutana na Zendaya mwaka 2011. Binti alikuwa na miaka 14, anacheza kwenye tamthilia ya watoto ya Disney Channel, na alihitaji kitu cha kuvaa kwenye uzinduzi wa filamu ya Justin Bieber. Tangu siku hiyo hawajaachana. Hata Machi 2023, Roach alipotangaza kwamba anaacha kazi ya kuvisha mastaa, kwa Zendaya aliendelea.

Hapa ndipo naomba usome polepole, maana ndipo jibu la swali lako kubwa lilipo.

Staa mtoto wa Disney, kwa macho ya Paris, alikuwa si kitu. Roach ameeleza waziwazi kwamba majumba matano makubwa, yaani Chanel, Dior, Gucci, Saint Laurent na Valentino, yalimkatalia. Akiomba anaambiwa bado mchanga, jaribu mwakani. Stailisti wengi wakikataliwa hivyo huendelea kubembeleza, na huku staa wao anavaa chochote kilichobaki cha jumba lilelile ili jina tu lionekane. Roach akafanya vingine. Alimvalisha Zendaya nguo ambazo mastaa wengine walikuwa wameshazivaa, makusudi. Kila mtu kwenye biashara hiyo hukimbia kurudia nguo. Yeye aliifuata, kwa sababu magazeti ya udaku ya Marekani yalikuwa na kurasa zinazowaweka wawili waliovaa nguo moja ubavu kwa ubavu na kuuliza wasomaji nani kapendeza zaidi. Binti asiyejulikana anatokea pembeni ya staa mkubwa, bila kulipia tangazo, na mara nyingi anashinda.

Huo ni ujanja wa mjini. Lakini uliwezekana kwa sababu mavazi yenyewe yalikuwa yamefikiriwa: viatu tofauti, nywele tofauti, kubana kiuno mahali ambapo mwenzake aliacha wazi. Ukitaka zoezi la kufanya darasani, chukueni gauni moja, wapeni watu wawili, mwone umbali unaoweza kufika bila kugusa kitambaa.

Njia ya pili ilikuwa kwenda kwa wabunifu ambao hawakuwa na foleni mlangoni. Met Gala, ile hafla kubwa ya mitindo ya kila mwaka New York, yake ya kwanza ilikuwa Mei 2015, na alivaa Fausto Puglisi, Mtaliano ambaye mashabiki wengi wa kawaida hawakuwa wamewahi kumsikia. Aliyevaa jina kubwa usiku ule alishindana na wengine waliovaa jina hilohilo. Zendaya alikuwa na jua lake kwenye sketi, jekundu kwa jeusi, peke yake. Na ya tatu ilikuwa nguo za zamani, ambazo hakuna ofisi ya habari inayoweza kukunyima kama umezinunua mwenyewe.

Miezi mitatu kabla ya hiyo Met Gala kulitokea jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ndilo lililomtengeneza, kuliko gauni lolote. Oscar ya Februari 2015. Zendaya ana miaka 18, amevaa gauni jeupe la Vivienne Westwood lililoacha mabega wazi, nywele zake zimewekwa dredi ndefu. Gauni lilikuwa zuri na rahisi, lingeweza kupita bila kusemwa. Kwenye kipindi cha televisheni cha kuchambua mavazi, mtangazaji Giuliana Rancic akasema nywele zile zinamfanya aonekane kama ananuka mafuta ya pachuli, au bangi. Zendaya alijibu kwa maandishi mtandaoni, kwa utulivu, akawataja watu weusi waheshimiwa wenye dredi, miongoni mwao mtengeneza filamu Ava DuVernay. Rancic akaomba radhi hewani. Mwaka huohuo kampuni ya Mattel ikatengeneza mwanasesere wa Barbie mwenye gauni lile na dredi zile.

Angalia kilichotokea pale. Kabla ya wiki hiyo alikuwa binti anayevaa vizuri. Baada yake, kila alichovaa kilisomwa kama kauli: watu walianza kuuliza anamaanisha nini. Hiyo ndiyo hadhi ambayo stailisti yeyote anaitafuta kwa mteja wake na hainunuliki. Roach hakuipanga, lakini aliijua thamani yake. Kwenye Met Gala ya 2017 alimleta na afro kubwa na gauni la Dolce & Gabbana lenye kasuku. Mwaka 2018, mada ikiwa mavazi na imani ya Kikatoliki, akamleta kama Jeanne d'Arc, yule binti mpiganaji na mtakatifu wa Ufaransa, kwa deraya la Versace. Mwaka 2019 akaja kama Cinderella kwa gauni la Tommy Hilfiger linalowaka taa, Roach mwenyewe akitembea mbele na fimbo ya moshi. Hili la mwisho, niwe mkweli, halinikai sana. Taa zilikuwa nyingi kuliko gauni. Ila lilizungumzwa, na Tommy Hilfiger alikuwa na sababu zake: mwaka huohuo alikuwa ametoa mkusanyiko kwa ushirikiano na Zendaya, na onyesho lake la Paris la Machi 2019 lilitumia wanamitindo weusi peke yao, wa umri tofauti hadi watu wazima wa miaka 70, kwa kukumbuka usiku wa Versailles wa 1973 ambapo wanamitindo weusi wa Marekani waliwashangaza Wafaransa.

Usilinganishe njia hii na ya kila mtu. Chukua mfano wa Lupita Nyong'o, wa kwetu Kenya. Yeye hakupitia mlango wa nyuma. Aliingia msimu wa tuzo wa 2014 akiwa mgeni kabisa, lakini akiwa na filamu inayowania Oscar, na hilo peke yake lilifungua majumba yote. Januari kwenye Golden Globes alitoka na Ralph Lauren nyekundu yenye kepu ya mabegani, Februari kwenye BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, akatoka na Dior ya kijani, na tarehe 2 Machi akapokea Oscar kwa Prada ya samawati hafifu, rangi aliyosema inamkumbusha Nairobi. Yote ndani ya wiki chache, akivishwa na stailisti Micaela Erlanger. Kabla mwaka haujafika mwisho alikuwa uso wa kampuni ya vipodozi ya Lancôme na ameshatokea mbele ya jarida la Vogue la Marekani. Lupita alipewa wiki chache. Roach alikuwa na miaka mingi na hana filamu ya tuzo, kwa hiyo ilibidi nguo zifanye kazi ambayo kwa Lupita ilifanywa na filamu.

Sasa mikataba, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukiona staa amevaa jumba moja mfululizo, usifikiri amelipenda ghafla. Mwishoni mwa 2020 Valentino ilimtangaza Zendaya kuwa uso wa kampeni zake. Valentino, mojawapo ya yale matano. Roach amesema mara ya kwanza Zendaya kuivaa hadharani alikuwa tayari na mkataba mkononi. Waliokataa kumwazimia gauni wakaja kumlipa. Ndiyo maana Desemba 2021, kwenye uzinduzi wa Spider-Man huko Los Angeles, gauni lenye utando wa buibui lilikuwa la Valentino. Aprili 2023 akawa balozi wa Louis Vuitton, na Met Gala ya 2025, mada ikiwa ushonaji wa suti katika mavazi ya watu weusi, akaja na suti nyeupe na kofia kutoka huko, iliyobuniwa na Pharrell Williams. Vito ni Bulgari, tangu 2020. Ukiwa na tarehe za mikataba mezani, nusu ya mavazi yake unaweza kuyatabiri.

Mkataba wa namna hii huwa unasema mambo ya wazi: siku za kupiga picha za matangazo, idadi ya shughuli ambazo balozi atazivalia, na washindani ambao hatawavaa. Balozi wa mikoba hapigwi picha na mkoba wa jirani. Kwa staa ni hela ya uhakika kuliko filamu. Kwa stailisti ni pingu ya hariri, maana uhuru unapungua. Nadhani ustadi wa Roach unaonekana zaidi hapa kuliko kwenye miaka ya kukataliwa: amefanikiwa kumwachia Zendaya nafasi ya kuvaa nguo za zamani na wabunifu wengine hata akiwa chini ya mikataba. Jumba linaruhusu kwa sababu akipendeza na cha mwingine, siku akivaa chao kinapata bei.

Nguo za zamani zenyewe zinahitaji aya yake. Wewe ulizaliwa kwenye nchi ya mitumba, kwa hiyo huoni ajabu kuvaa kilichovaliwa. Hollywood waliliona ajabu kwa muda mrefu, ingawa Julia Roberts alishapokea Oscar yake ya 2001 kwa Valentino ya 1992. Roach amelifanya kuwa lugha ya kila siku. Juni 2021 kwenye tuzo za BET, Zendaya alivaa Versace ya 2003. Waliokuwa na kumbukumbu walijua mara moja: Beyoncé alivaa toleo fupi la gauni hilo akitumbuiza kwenye tuzo hizohizo za BET mwaka 2003. Hapo nguo haikuhitaji maelezo. Ilikuwa salamu kwa mkubwa, na iliwekwa mahali pale pale.

Halafu ile iliyowafanya mbishane, nadhani: tarehe 15 Februari 2024, London, uzinduzi wa sehemu ya pili ya Dune. Zendaya kwenye vazi la roboti la Thierry Mugler, la chuma na plastiki angavu, lililotoka kwenye onyesho la msimu wa baridi wa 1995, jumba lilipotimiza miaka 20. Vazi lile lilikuwa hazina ya jumba. Kuazimwa kitu cha namna hiyo maana yake jumba limekubali kuhatarisha kipande ambacho hakishoneki tena, na linakubali kwa mtu mmoja au wawili duniani. Si nguo ya kukalia kiti, na filamu yenyewe ina dakika 166. Lilivaliwa kwa ajili ya picha, akabadilisha. Wapo walioona ni kiki. Mimi naona lilifaa, kwa sababu filamu ni ya jangwa la sayari nyingine na Mugler alikuwa akiwaza wanawake wa chuma miaka 30 kabla. Vazi na filamu vilikutana bila kulazimishwa.

Miezi miwili baadaye, kwenye promosheni ya filamu ya tenisi, Challengers, tuliona viatu vya Loewe vyenye visigino vilivyochoma mipira ya tenisi. Mbunifu wa Loewe wakati huo, Jonathan Anderson, ndiye aliyebuni mavazi ya ndani ya filamu hiyo, kwa hiyo uhusiano ulikuwa wa kweli. Sydney alivaa gauni la Loewe linalometameta lenye mchoro wa mchezaji wa tenisi na kivuli chake. Mpaka hapo bado nafurahi. Tatizo ni waliofuata. Tangu Margot Robbie azunguke dunia mwaka 2023 akinakili nguo za wanasesere wa Barbie mmoja baada ya mwingine, kila promosheni inataka mada. Wa Wicked, filamu ya wachawi, walivaa kijani na waridi mpaka ukachoka. Inakuwa sare ya harusi, kamati imeshachagua kitambaa na kazi yako ni kushona tu. Nguo inayotangaza filamu haimtangazi tena anayeivaa, na staa mchanga ambaye bado hajajulikana anaumia zaidi, maana baada ya filamu watu hukumbuka rangi.

Kuhusu majarida. Ukurasa wa mbele hauji kwa sababu mhariri amekupenda asubuhi moja. Chukua kalenda. Vogue ya Marekani ilimweka Zendaya mbele kwa mara ya kwanza Julai 2017, mwezi Spider-Man yake ya kwanza inaingia kwenye sinema. Akarudi Juni 2019, mwezi tamthilia ya Euphoria inaanza. Mei 2024 akawa mbele ya Vogue ya Marekani na ya Uingereza kwa pamoja, wakati filamu ya tenisi inatoka. Studio inataka watu waione filamu, jarida linataka kuuza nakala, na msemaji wa staa anakaa katikati miezi mingi kabla akijadili nani atapata picha kwanza. Hata mwaka 2017, kwa maelezo ya Roach, yale majumba matano yalikuwa bado hayajavaliwa na Zendaya kwenye zulia jekundu. Alifika mbele ya Vogue bila wao.

Kwenye picha za jarida, uchaguzi wa nguo unahamia kwa mhariri wa mitindo wa jarida. Stailisti wa staa anaweza kushauri, na kwa staa mkubwa anasikilizwa, lakini jarida lina watangazaji wake wanaolipia kurasa, na watangazaji wanategemea kuona nguo zao ndani. Hakuna anayeandika sheria hiyo ukutani. Kila mtu anaijua. Hivyo picha ya jarida ni kipimo kibaya cha ladha ya staa, na ukitaka kujifunza ladha yake tazama zulia jekundu na uwanja wa ndege.

Kuna jambo la mwili pia. Oktoba 2015 jarida liitwalo Modeliste lilitoa picha za Zendaya zilizopunguzwa nyonga na kiwiliwili kwa kompyuta. Alikuwa na miaka 19 na picha zilikuwa nzuri tayari. Aliweka hadharani picha halisi kando ya iliyochezewa, na jarida likaondoa toleo lile. Kwa binti wa umri ule kufanya hivyo dhidi ya jarida lililompa ukurasa wa mbele, ilihitaji moyo. Nakutajia kwa sababu siku moja utakuwa wewe chumbani na mpiga picha, na mteja wako atakutazama wewe aone kama utasema kitu.

Novemba 2021 chama cha wabunifu wa Marekani, CFDA, kilimpa Zendaya tuzo ya alama ya mitindo, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata, miaka 25. Aliyemkabidhi ni Iman, Msomali aliyegunduliwa akiwa mwanafunzi Nairobi mwaka 1975, na ambaye mwenyewe alipewa tuzo hiyo 2010. Mwaka uliofuata CFDA ikampa Roach tuzo ya stailisti, ya kwanza ya aina hiyo. Kwa kawaida watu hukumbuka ya kwanza na kusahau ya pili.

Sasa pa kuanzia wewe. Usianze kwa kumwandikia staa. Tafuta mtu wa rika lako ambaye yuko njiani: mwigizaji wa tamthilia anayecheza nafasi ndogo, mwimbaji mwenye wimbo mmoja, mtangazaji wa redio anayeanza kuonekana kwenye video. Roach hakumpokea Zendaya akiwa staa. Walikua pamoja, na hiyo ndiyo sababu hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Mkubaliane mambo mawili matatu ambayo mtayashikilia mwaka mzima, mfano mabega, au rangi moja, au kutorudia kitenge cha msimu, na muyashikilie hata pale watu watakaposema mmechoka.

Wabunifu wa hapa wana sampuli kama wa Paris, tena wengi hawana mtu wa kuwavalia. Baada ya maonyesho kama Swahili Fashion Week sampuli nyingi zinarudi kabatini. Mwandikie mbunifu ombi lenye kila kitu nilichokutajia juu, hata kama unamfahamu na angekupa kwa kupiga simu tu. Mitumba nayo usiidharau. Belo zinapofunguliwa Karume, Dar, wapo wauzaji wanaojua kitambaa kuliko wahitimu, na kipande kizuri cha miaka ya 1980 kinapita pale kikiitwa gauni la bibi. Jifunze kusoma lebo, zipu na mishono ya ndani ili ujue umri wa nguo. Kipande ukikinunua, hakuna wa kukunyima.

Na kwenye kuazima, weka karatasi. Iandikwe nguo gani, imetoka lini, inarudi lini, ilikuwa na kasoro gani wakati wa kuichukua, nani atalipa ikichanika au ikipata doa la vipodozi, na jina la mbunifu litaandikwaje kwenye kila picha itakayowekwa mtandaoni. Piga picha nguo mbele na nyuma kabla haijatoka kwake. Fumua mishono yako yote ya kubana, isafishe kwa njia aliyokuelekeza mwenyewe, irudishe siku moja kabla ya ile mliyoandika, na umpelekee picha zilizotoka bila kusubiri akuombe.